Sanduku la mbao kwa saa moja kwa siku: mwongozo kamili kwa mstaafu anayerudisha afya

"Mwalimu, sanduku langu linacheza kama kiti kibovu." "Mwalimu, kifuniko kinakaa kona tatu, ya nne imenyanyuka." "Mwalimu, nimefanya kazi siku moja nikalala siku tatu."

Malalamiko hayo matatu nayapokea kila mara kutoka kwa wastaafu wenzangu. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, nayaweka yote hapa.

Lalamiko la kwanza linatokana na mbao mbichi na kona zisizopimwa. La pili linatokana na kutengeneza kifuniko peke yake kisha kutumaini kitaoana na sanduku. La tatu ni kutaka kumaliza leo. Hapa nimegawa kazi katika vipande vya saa moja, na kila kipande kinaishia pale ambapo mbao yenyewe inataka kuachwa: gundi ikauke, vanishi ishike. Kazi inapopumzika, nawe unapumzika.

Mimi nilipata kiharusi chepesi mwaka wa pili baada ya kustaafu, mkono wa kushoto ukabaki mzito. Kama wewe unatoka kwenye upasuaji au unasumbuliwa na presha, hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni uzito unaoruhusiwa kunyanyua na muda wa kusimama.

## Kabla ya kununua hata msumari

Mpelekee daktari wako au mtaalamu wa mazoezi ya viungo maswali manne, na majibu uyaandike kwenye daftari:

- Mwisho ninyanyue kilo ngapi?
- Nisimame dakika ngapi kwa mfululizo?
- Presha ikisoma ngapi nisiguse kazi siku hiyo?
- Kati ya dawa ninazomeza, ipo inayozuia damu kuganda?

Swali la mwisho wengi hulisahau. Kama unameza aspirini au dawa ya jamii hiyo, mkwaruzo mdogo wa msumeno utavuja muda mrefu. Weka kitambaa safi karibu. Ukijikata, kandamiza dakika kumi bila kuchungulia, mkono ukiwa juu.

Presha ipime ukiwa umekaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Kama umetoka kunywa kahawa au kubeba ndoo, subiri nusu saa kwanza. Ikifika 180 kwa juu au 120 kwa chini, tulia dakika chache upime tena. Ikibaki hapohapo, funga kazi na mtafute daktari siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kichwa kuuma vikali au macho kuona ukungu, hiyo ni dharura.

Na kwa waliowahi kuguswa na kiharusi kama mimi: uso ukivutwa upande mmoja, mkono ukilegea ghafla au maneno yakianza kukoroganyika, acha kila kitu uende hospitali sasa hivi, hata kama baada ya dakika kumi unajisikia nafuu. Waambie watu wa nyumbani dalili hizo, maana mwenyewe unaweza usizitambue.

## Vitu vya kununua

Sanduku tunalotengeneza lina urefu wa sm 40, upana wa sm 25 na kimo cha sm 20 hivi. Linatosha hati za nyumba, au shuka mbili, au dawa za familia nzima.

- Mbao ya paini ya inchi 1 kwa 8, futi 6, ambayo bado haijapigwa randa, yaani haijalainishwa. Madukani huuzwa futi 12. Mwombe muuzaji aikate katikati, nusu ya pili itakuwa ya sanduku la pili.
- Plaiudi ya mm 6, vipande viwili vya sm 41 kwa 26. Wakukatie palepale.
- Gundi nyeupe ya mbao, chupa ndogo.
- Misumari ya inchi 2 na ya inchi 1.
- Bawaba mbili ndogo, na skrubu zisizozidi mm 16.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli. Fundi baiskeli atakupa bure.
- Msasa namba 80, 120 na 180.
- Vanishi robo lita, tapentaini kidogo, brashi ya inchi 2.

## Vyombo vya kazi

- Msumeno wa mkono wenye meno madogo.
- Guni (kipimo cha kona mraba), rula ya chuma, tepu na penseli ngumu.
- Nyundo nyepesi, bisibisi, randa ndogo.
- Drili ya betri au keekee ya mkono, na biti ya mm 2.
- Klampu mbili za kubania mbao. Kama una jiriwa, kibanio kinachofungwa mezani, bora zaidi.
- Barakoa na miwani.
- Stuli ndefu, chupa ya maji, na simu yenye chaji.

Msumeno wa umeme sikuuweka kwenye orodha kwa makusudi. Mtu anayeweza kupata kizunguzungu bila taarifa hana biashara na diski inayozunguka.

Kuhusu paini, najua kuna watakaoguna kwamba mbao ya kiume ni mninga. Nami naupenda mninga, rangi yake ikishapata vanishi unaweza kukaa unaitazama tu. Lakini ni mgumu kwa mkono unaopona, na ukiharibu kipande unauma kidole. Paini, ile inayovunwa kwa wingi Sao Hill kule Mufindi, ni nyepesi, inakatika kwa msumeno wa mkono na haimfilisi mstaafu. Mvule uache kabisa kwa sasa, vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua cha watu wengi. Vumbi la mbao yoyote si la kuchezea: taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kwa hiyo barakoa ni kila siku, hata kwa kazi ya dakika tano.

## Saa moja hiyo inakaa wapi

Naamka, nakunywa uji wa ulezi, nameza dawa, nazunguka mtaa mara mbili taratibu. Nikirudi nakaa, napima presha, naandika. Saa mbili kamili niko barazani. Simu nimeiwekea kengele ya saa tatu.

Ikilia, naweka chombo chini hata kama nimebakiza sentimita mbili za kukata. Hapo ndipo wenzangu wanaposhindwa. Mtu anajiambia "namalizia hii tu", na hiyo "hii tu" ndiyo inayomlaza siku tatu. Uchovu baada ya kiharusi unaweza usije wakati unafanya kazi, ukaja kesho yake kudai riba. Nikiamka na mwili mzito, siku hiyo nafanya nusu saa au sifanyi kabisa.

Mchana hakuna kazi ya mbao. Jua kali, tumbo limejaa wali, na dawa za presha zikikufanya uone nyota ukiinuka ghafla: hizo tatu hazikai pamoja na msumeno.

## Hatua ya 1: Chagua mbao, kisha ikaushe

Dukani, nyanyua ncha moja ya mbao usawa wa jicho, funga jicho la pili, utazame urefu wote. Iliyojinyonga kama kamba iache. Iliyojikunja kidogo upande mmoja inakubalika. Epuka mafundo makubwa, hasa karibu na kingo, na mbao iliyopita katikati ya moyo wa mti, maana hiyo hupasuka.

Mbao ikifika nyumbani usiikate. Ilaze kivulini penye upepo, juu ya fito tatu zenye unene sawa, ili hewa ipite chini na juu. Vichwa vyake vipake rangi yoyote iliyobaki au hata gundi, vikauke polepole visipasuke.

Sababu: mbao inapokauka husinyaa upande wa upana, urefu wake haubadiliki sana. Ukijenga na mbao mbichi, kila kipande kitasinyaa kivyake ndani ya sanduku lililokwisha gundishwa. Sanduku linalocheza mezani mara nyingi liliharibika siku ya kwanza, kabla msumeno haujaguswa.

Utajuaje imekauka? Pima uzito. Mimi hupeleka mbao kwenye mizani ya duka la Mangi kila Jumamosi, na mwanzoni alinicheka mpaka wateja wakageuka. Futi 6 ya paini kavu ya kipimo hiki ambayo haijapigwa randa huwa kati ya kilo 4 na 5, mbichi inaweza kukaribia mara mbili. Uzito ukibaki uleule wiki mbili mfululizo, imekauka kadiri hali ya hewa ya kwako inavyoruhusu. Yangu ya kwanza ilichukua wiki saba, maana ilikuwa masika, na masika ya Tanga hata chumvi hulowa mezani.

Sasa ndipo umpelekee fundi mwenye mashine aipige randa. Itatoka na unene wa sm 2 hivi na upana wa sm 19. Hakuna aibu kulipia kazi hiyo. Kupiga randa futi 6 kwa mkono ni kazi ya kijana aliyekula ugali.

Umefaulu mbao ikilala kwenye sakafu ya marumaru na ukibonyeza kona yoyote haitikisiki.

## Hatua ya 2: Mahali pa kazi na kibao cha kukatia

Hii ifanye wakati mbao inakauka.

Tafuta kivuli chenye sakafu iliyo sawa, bila waya wala mkeka wa kujikwaa. Meza iwe nzito. Stuli iwe ndefu kiasi kwamba unaegemeza makalio tu, miguu bado imegusa chini. Kwa namna hiyo unakata kama umesimama, ila uzito uko kwenye stuli.

Kibao cha kukatia ndicho kitakachouokoa mkono dhaifu. Chukua kipande chochote cha mbao cha sm 30 kwa 20. Chini yake, ukingo wa mbele, pigilia fito. Juu yake, ukingo wa nyuma, pigilia fito nyingine, lakini hii iwe fupi kwa sm 3 upande wa mkono unaoshika msumeno. Fito ya chini inajishika kwenye ukingo wa meza, ya juu inazuia mbao unayokata isikimbie. Ile nafasi ya sm 3 inaufanya msumeno uishie kwenye kibao badala ya kuchana meza ya watu.

Tahadhari: mkono uliopooza kidogo usiupe kazi ya kushikilia mbao mbele ya msumeno. Hata ukiwa na nguvu ya kutosha, unaweza usihisi meno yanapogusa ngozi. Klampu ndiyo ishikilie. Mkono dhaifu tutaupa kazi zake mbele.

## Hatua ya 3: Pima na uchore

Kwanza lipime guni lenyewe. Liegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, ligeuze upande wa pili, chora tena mahali palepale. Mistari ikilaliana, guni ni zima. Ikiachana kama mkasi, rudisha dukani. Niliwahi kulaumu macho yangu mwezi mzima kumbe guni ndilo lililokuwa limelewa.

Tunahitaji vipande vinne: viwili virefu vya sm 40, viwili vifupi vya sm 21. Vifupi vitakaa katikati ya virefu, kwa hiyo upana wa nje utakuwa 21 na unene wa mbao mbili, yaani sm 25.

Chora kipande kimoja, ukikate, ndipo uchore kinachofuata. Wengi huchora vyote vinne kwa mkupuo, kisha wanashangaa cha mwisho kimepungua. Msumeno unakula milimita moja au mbili kila unapopita, na hiyo haimo kwenye tepu.

Mstari uzungushe pande zote nne za mbao kwa guni. Upande wa mbao usiotakiwa uweke alama ya X, huko ndiko msumeno unakopita, kando ya mstari.

## Hatua ya 4: Kata huku ukihesabu kwa sauti

Anza kwa kuvuta msumeno kuelekea kwako mara tatu nne, taratibu, mpaka upate kijia. Halafu endelea kwa mikono mirefu, uache meno yafanye kazi bila kuukandamiza.

Hesabu kwa sauti kila unaposukuma. Mtu akikaza misuli huwa anabana pumzi bila kujijua, na pumzi ikibanwa presha hupanda ghafla. Huwezi kuhesabu na kubana pumzi kwa wakati mmoja. Fika ishirini, simama, vuta hewa, endelea. Kwangu mhesabuji ni mjukuu wa darasa la kwanza, anayekaa mbali kwenye ngazi. Akifika kumi na nne anaruka hadi kumi na sita, kwa hiyo ishirini zangu ni kumi na tisa, na sijaona haja ya kumsahihisha.

Vipande viwili kwa siku vinatosha, kwa hiyo hatua hii ni ya siku mbili.

Ukimaliza, simamisha vile virefu viwili pamoja juu ya meza, upitishe kidole gumba kwenye vichwa vyake. Kidole kisipohisi ngazi, umefaulu. Ukihisi ngazi ndogo, msasa namba 80 uliozungushiwa kibao utaimaliza. Ikiwa tofauti ni milimita tatu, kata kirefu kifuate kifupi. Vyote viwili vikiwa na sm 39.7 sanduku litanyooka. Kimoja 40 na kingine 39.7, litapinda hata ulisomee dua.

## Hatua ya 5: Unganisha fremu

Hii ndiyo hatua inayotaka utulivu kuliko zote. Usiianze siku uliyoamka vibaya.

Simamisha vipande vinne bila gundi, vifupi katikati ya virefu. Andika JUU kwenye ukingo wa juu wa kila kimoja. Kwenye kila mwisho wa vipande virefu, toboa matundu manne kwa biti ya mm 2, sm 1 kutoka ukingoni, na ukipima kutoka juu yawe sm 2, sm 7, sm 12 na sm 17.

Namba hizo usizibadilishe kienyeji. Kati ya sm 3 na sm 6 pasiwe na msumari kabisa, maana hapo ndipo tutakapopitisha msumeno baadaye kutenga kifuniko. Mwenzangu mmoja alipigilia panapompendeza. Sanduku lake halikufunguka, na msumeno wake sasa una meno ya mzee.

Matundu yanazuia mbao isipasuke, na yanapunguza idadi ya mapigo ya nyundo. Mkono unaopona utakushukuru kwa yote mawili.

Sasa gundi. Vichwa vya vipande vifupi vinakunywa gundi kama mchanga unavyokunywa maji, ndiyo maana viungo vya wengi huachia baada ya mwezi. Paka mkono wa kwanza mwembamba, subiri dakika tano hadi kumi, paka wa pili. Ndipo uunganishe na upige misumari, ukianza na wa juu na wa chini kila kona.

Kabla gundi haijashika, chukua ile tyubu uliyoichana kuwa ukanda mrefu. Izungushe fremu mara tatu au nne ukiivuta kwa nguvu iliyo sawa, ufunge fundo. Inabana pande zote kwa pamoja, kitu ambacho klampu mbili haziwezi. Kuivuta ni kazi ya mkono dhaifu. Mtaalamu wangu wa mazoezi aliponiona nikifanya hivyo alisema ule mpira wake wa rangi wa kuvuta kule kliniki anaweza kuupumzisha.

Pima kona hadi kona, mshazari mmoja kisha wa pili. Nilifundisha hesabu miaka mingi na hapa ndipo nayala matunda yake: kwa sm 40 na 25, mshazari ni sm 47.2. Ukipata 47 zote mbili, au 47.4 zote mbili, usijali. Kinachotakiwa ni zilingane. Zikitofautiana zaidi ya mm 2, kamata kona mbili za mshazari mrefu, ubonyeze kuelekea ndani kidogo, upime tena.

Halafu iweke fremu kwenye marumaru, ubonyeze kila kona. Isitikisike. Ikitikisika, legeza tyubu upande uliokaza sana.

Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi, ndani na nje, kwa sababu vanishi haishiki juu ya gundi na itaacha mabaka meupe. Kisha ondoka. Saa 24 usiiguse. Ukiamka usiku kuichungulia, chungulia kwa macho.

## Hatua ya 6: Funga chini, kesho yake funga juu

Ndiyo, tunalifunga sanduku pande zote sita. Usishtuke.

Paka gundi kwenye ukingo wa chini, laza plaiudi izidi nusu sentimita kila upande, pigilia misumari ya inchi 1 kila baada ya sm 7. Kila msumari uwe sm 1.5 kutoka ukingo wa plaiudi ili uingie katikati ya mbao. Siku inayofuata fanya vivyo hivyo juu.

Gundi ikishakauka, ondoa ile nusu sentimita kwa randa ndogo na msasa. Randa isukume kutoka kona kuelekea katikati. Ukitokea katikati kwenda nje, plaiudi itachanika konani.

Umefaulu ukipitisha kiganja kutoka juu hadi ubavuni bila kukwama.

## Hatua ya 7: Tenga kifuniko

Waliosema "kifuniko hakikai" dawa yao ni hii. Kifuniko kinachotoka kwenye sanduku lilelile hakiwezi kukosana nalo.

Chora mstari kuzunguka sanduku lote, sm 4.5 kutoka chini ya ile plaiudi ya juu. Upande utakaokuwa mgongo, chora X kubwa inayovuka mstari, ili baadaye ujue kifuniko kinarudi kikitazama wapi.

Bana sanduku mezani. Anza na ubavu mrefu: tia kijia konani, kisha shusha msumeno taratibu mpaka meno yalale juu ya mstari mzima. Usikate kona mbili kwa pamoja. Ukimaliza mbavu mbili ndefu, chomeka vipande vya kadibodi vyenye unene wa njia ya msumeno ndani ya mkato, uzungushe tyubu. Bila hivyo, unapokata mbavu fupi kifuniko kitalala na kuubana msumeno, na mwisho kitavunjika mahali unapopapenda.

Mimi hufanya ubavu mmoja kwa siku, siku nne. Kuna wanaomaliza kwa siku moja, mabega yao ni yao.

Mkato utakuwa na mawimbi kidogo, ni kawaida. Bandika karatasi ya msasa namba 80 kwenye marumaru, ugeuze sanduku, ulisugue kwa mwendo wa duara mara thelathini. Kifuniko nacho vivyo hivyo. Kazi hii ni ya mikono miwili, na mkono dhaifu ushiriki kikamilifu.

Umefaulu ukikirudisha kifuniko, X ikakutana, na mwanga wa tochi ya simu uliowekwa ndani hauchungulii popote.

## Hatua ya 8: Bawaba

Zifunge kwa nje ya mgongo, pini yake ikilala sawasawa juu ya mstari wa mkato. Kutindua mbao kwa patasi ili bawaba izame kunapendeza, lakini kusubiri sanduku la tatu hakuui mtu.

Tia skrubu moja tu kila jani la bawaba, fungua na ufunge. Kikikaa vizuri, ndipo utie zilizobaki. Ukitia zote kwanza ukakuta kimekwenda upande, matundu yameshaharibika. Kila tundu litangulizwe na biti, na skrubu isugue kwenye mshumaa kabla ya kuizungusha, itaingia bila kukuvunja kifundo cha mkono. Skrubu ndefu kuliko unene wa mbao itatokea ndani na kukusubiri siku unatafuta miwani gizani.

Ndani, funga kamba ngumu kati ya kifuniko na ubavu ili kisianguke nyuma na kung'oa bawaba.

## Hatua ya 9: Msasa na vanishi

Msasa namba 120, kisha 180, daima kufuata uelekeo wa nyuzi. Ukikata nyuzi, mikwaruzo usiyoiona leo itang'aa yote baada ya vanishi.

Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mkono wa kwanza wa vanishi uchanganye na tapentaini kidogo uzame ndani. Kesho yake pitisha msasa 180 kwa upole, futa, paka wa pili bila kuchanganya. Fanya nje, upepo ukikutokea mgongoni. Ukianza kusikia kichwa chepesi, funga kopo.

Ndani usipake. Harufu ya vanishi iliyofungiwa sandukuni haitoki miezi, na kama utaweka shuka au dawa humo utajuta.

## Ukikuta mambo yameharibika

Kiungo kimeachia nafasi ndogo: changanya vumbi la msasa na gundi, kandika, sugua kikikauka.

Sanduku limekamilika lakini linacheza: sugua kitako chake kwenye msasa uliobandikwa kwenye marumaru, au pachika vimiguu vinne vya mbao na upunguze kimoja.

Kifuniko kinakaza wakati wa masika tu: usikikwangue. Mbao imevimba kwa unyevu, kiangazi kitairudisha, na ukishakwangua utabaki na nafasi mwaka mzima.

Ukihesabu siku zote, bila ule muda wa kukausha mbao, sanduku la kwanza linachukua wiki mbili na nusu hadi tatu. La kwangu lipo kitandani upande wa miguu, lina daftari la presha na vyeti vya wanafunzi ambao hawakurudi kuvichukua. Nusu ya pili ya mbao bado imelala juu ya fito zake. Ikiwa nawe umeiweka hivyo tangu mwanzo, imekwisha kukauka. Mpelekee fundi, uanzie hatua ya 3. Tyubu usiitupe.